Kwa nini Mtakatifu Sesilia ameshika kinanda juu chini?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanakwaya wa sauti ya pili, na kwaya yetu, kama kwaya nyingi za parokia, iko chini ya usimamizi wa Mtakatifu Sesilia. Tunataka kuchapisha fulana kwa ajili ya sikukuu yake ya Novemba 22. Katibu alipata picha ya zamani ya mchoraji Raffaello, mchapaji akatuletea mfano, nami nimekuambatanishia. Mpiga kinanda wetu alipouona aligoma. Anasema Sesilia amekishika kinanda juu chini, mabomba yanadondoka, na miguuni pake kuna ngoma zilizopasuka na fidla iliyoharibika. Anauliza: huyu ni msimamizi wa muziki au ni mtu aliyeuchukia? Au mchoraji alikosea? Na kwa nini anatazama juu wakati juu hakuna kitu?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mpe pole mpiga kinanda wenu, na pongezi pia. Watu wengi huvutiwa na uso wa Sesilia wasione kinachotokea mikononi mwake. Yeye ameanzia penyewe.

Tuanze na hilo la "juu hakuna kitu". Nimeutazama mfano mlioletewa: mchapaji amekata picha. Ameondoa sehemu yote ya juu ili Sesilia aenee vizuri kifuani, na pembeni amewatoa watakatifu wanne anaosimama nao. Katika picha kamili, mbingu imefunguka juu ya kichwa chake, na malaika sita wamekaa kwenye ukingo wa wingu wakiimba kutoka kwenye vitabu. Huko ndiko macho yake yalikokwenda. Mmeletewa nusu ya sentensi, na mpiga kinanda ana haki ya kuikasirikia.

Sasa picha yenyewe. Raffaello Sanzio, mzaliwa wa Urbino, aliichora akiwa Roma kati ya mwaka 1514 na 1517 hivi, wakati wa Papa Leo X, alipokuwa amezongwa na kazi kiasi kwamba wasaidizi wake walikuwa jeshi zima. Lakini ilikuwa inakwenda Bologna, kaskazini mwa Italia, iwekwe juu ya altare ya kikanisa cha Mtakatifu Sesilia ndani ya kanisa la San Giovanni in Monte. Ina urefu wa zaidi ya mita mbili. Leo imetundikwa katika Pinacoteca Nazionale, jumba la picha la mji huohuo. Kutoka kushoto kwako utamwona Mtume Paulo, kisha Yohane Mwinjili, Sesilia katikati, Augustino mwenye fimbo ya kiaskofu, na mwisho Maria Magdalena na chombo chake cha marhamu. Chini, kwenye udongo, vyombo vimetapakaa: fidla kubwa ya kupigwa ikiwa imeshikwa kwa magoti, filimbi, pembetatu ya chuma, matari, matoazi, na ngoma ndogo zilizochanika ngozi.

Mchoraji hakukosea. Giorgio Vasari, aliyeandika maisha ya wasanii wa Italia katikati ya karne ya 16, anasema vyombo hivyo alivichora Giovanni da Udine, msaidizi wa Raffaello aliyekuwa fundi wa kuchora vitu kama vilivyo. Vinaonekana kama unaweza kuinama ukaviokota. Karakana yenye mafundi wa namna hiyo haiwezi kusahau kinanda kinashikwaje. Kinanda cha Sesilia ni kile kidogo cha kubeba, ambacho mkono mmoja ulibonyeza na mwingine ukavuta mvukuto. Hapa mvukuto hauvutwi. Kinanda kimeinamishwa, filimbi zake, yale mabomba, zinatazama ardhini, na mbili tatu zimeanza kuchomoka. Zikianguka zitaangukia palepale penye fidla na ngoma. Usisome hapo kinanda kilichogeuzwa tu, soma kinanda kinachoanguka: kiko njiani kati ya mikono yake na lile rundo la chini. Amekisahau. Amesikia kitu.

Ili tujue amesikia nini, lazima turudi kwenye hadithi yake, na humo kuna jambo ambalo wanakwaya wengi hawajawahi kuambiwa. Sesilia alikuwa binti wa Kirumi wa ukoo mkubwa, na masimulizi ya mateso yake yaliandikwa kwa Kilatini katika karne ya 5. Yanasema wazazi walimwoza kwa kijana aitwaye Valeriano, naye tayari alikuwa amemwahidi Mungu ubikira wake. Siku ya arusi alivaa vazi lililotariziwa dhahabu, na ndani yake, juu ya ngozi, nguo ya manyoya makali ya kujitesa. Vyombo vya arusi vilikuwa vinapigwa. Hapo ndipo ilipo sentensi iliyozaa yote haya: vyombo vilipokuwa vikilia, Sesilia aliimba moyoni mwake kwa Bwana peke yake, akiomba moyo wake na mwili wake vibaki safi asije akaaibika.

Moyoni mwake. Yaani hakupiga chombo. Vyombo vilikuwa vya wengine, vikimsindikiza kwenye ndoa asiyoitaka, naye alikuwa anaimba wimbo mwingine ambao hakuna mgeni hata mmoja aliyeusikia.

Sentensi hiyo ikaingia kwenye sala za sikukuu yake kama antifona, yaani aya fupi ya kuimbwa, Cantantibus organis, na ilipoingia ikafupishwa. Maneno "in corde suo", moyoni mwake, yakaachwa. Ikabaki: vyombo vilipokuwa vikilia, Sesilia alimwimbia Bwana. Tena neno "organa", ambalo kwa Kilatini cha zamani lilikuwa la vyombo vya aina yoyote, baadaye masikioni mwa watu likawa kinanda cha kanisani. Basi msomaji wa karne ya 15 alisikia kwamba Sesilia aliimba huku kinanda kikilia, na hatua moja mbele, kwamba kinanda alikipiga mwenyewe. Wachoraji wakampa kinanda mkononi. Mwaka 1585 Papa Sixtus V alipoanzisha chama cha wanamuziki mjini Roma, kilichokuja kuwa Accademia ya Santa Cecilia, alikiweka chini ya Gregori Mkuu na Sesilia. Maneno hayo matatu ya Kilatini, mawili kwa Kiswahili, yaliyodondoka kwenye antifona ndiyo yaliyompa ajira ya kuwasimamia nyinyi. Mimi silioni hilo kuwa aibu. Wapo watakatifu waliopewa kazi kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Uzuri wa picha hii ni kwamba inayarudisha yale maneno mawili. Kwa kuwa watu walikwisha kuzoea Sesilia mwenye kinanda, Raffaello alimpa kinanda, halafu akamfanya akiachie. Huwezi kuchora kuimba moyoni, kwa sababu mdomo umefungwa na hakuna kinachoonekana. Unaweza kuchora mikono iliyolegea. Tazama pia vazi lake la rangi ya dhahabu, kumbukumbu ya ile arusi, na kiunoni mshipi wa kawaida kabisa usiofanana na utajiri wa kitambaa. Mshipi kwa wachoraji wa zama zile ulikuwa alama ya usafi wa mwili. Nguo ya manyoya haionekani, na haikupaswa kuonekana. Hadithi inasema ilikuwa siri yake.

Kuna ushahidi kwamba malaika wa juu hawakuja hivihivi. Mchongaji Marcantonio Raimondi, aliyefanya kazi karibu sana na Raffaello, alitoa chapa ya tukio hilihili, na kwa kawaida inachukuliwa kuwa inatokana na wazo la awali. Katika chapa hiyo malaika wanapiga vyombo. Katika picha iliyokamilika hawana chombo hata kimoja, wana vitabu na sauti tu. Mtu aliyefanya badiliko hilo alijua anachofanya. Malaika wangeendelea kupiga fidla mbinguni, fidla iliyovunjika duniani ingekuwa habari ya ubora tu: hizi mbovu, zile nzima. Vyombo vilipoondolewa juu, picha ikawa ngazi. Chini kabisa vyombo vilivyokufa. Juu yake kinanda kinachoponyoka. Kisha binti anayesikiliza kimya. Kisha sauti tupu. Wasomi wa wakati ule, na Bologna ulikuwa mji wa chuo kikuu cha karne nyingi, walikuwa wamefundishwa na vitabu vya Boethius, mwanafalsafa Mrumi wa kale, kwamba muziki una daraja tatu, wa ulimwengu wote, wa mwanadamu mwenyewe, na wa vyombo, na wa vyombo ndio wa chini. Mpiga kinanda wenu hatafurahia mpangilio huo, najua.

Na wale wanne? Mchapaji aliwaona ni wa kuziba nafasi, kumbe bila wao swali la mpiga kinanda halijibiki.

Mtazame Paulo. Ndiye peke yake anayetazama chini. Ameegemea upanga wake, ambao ni chombo cha kifo chake na pia ule "upanga wa Roho" anaoutaja katika barua kwa Waefeso. Amejishika kidevu, na macho yake yako chini, kwenye rundo la vyombo. Anafikiri nini? Mkristo yeyote aliyeingia kanisani Bologna angeweza kukumbuka barua yake ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 13, na nyinyi mmeisikia kwenye arusi mara ngapi: "Nijaposema kwa lugha za wanadamu na za malaika, kama sina upendo, nimekuwa shaba iliayo na upatu uvumao." Malaika juu, shaba chini, na aliyeandika sentensi hiyo amesimama katikati akiitafakari. Napenda sana neno "upatu" lilivyokaa katika Biblia yetu. Wazee wa pwani wanaujua ule mlio katika ngoma zao, unavyoingia kichwani na kukaa. Aliyetafsiri alijua Paulo anazungumzia mvumo wenye nguvu kabisa ambao, peke yake, hausemi kitu. Paulo huyu pia ndiye aliyeandika, katika barua ya pili kwa Wakorintho, juu ya mtu aliyenyakuliwa hadi mbingu ya tatu akasikia maneno yasiyotamkika. Anajua binti aliye karibu naye amefika wapi.

Augustino naye ni shahidi mwenye uzoefu. Yupo kwa sababu rahisi, kwamba kanisa hilo lilikuwa la makanoni, mapadre walioishi pamoja kwa kanuni yake. Lakini yupo kwa sababu nyingine ambayo kila mwanakwaya anapaswa kuijua. Katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake anaeleza jinsi nyimbo za kanisa zilivyomliza mwanzoni mwa imani yake, na jinsi anavyojishtaki kila anapojikuta ameguswa na uimbaji kuliko na kile kinachoimbwa. Hapo, anasema, angependelea asimsikie mwimbaji. Hata hivyo hafikii uamuzi wa kuufukuza muziki kanisani. Anayumba, anaona hatari, anaona faida, mwishowe anaupitisha. Huyo ndiye aliyesimama kushoto kwa Sesilia, upande wako wa kulia. Kama Raffaello na waliomwagiza kazi walitaka hakimu mkali wa kupiga vita muziki, wamemchagua mtu asiyefaa kabisa.

Yohane ana sababu nyepesi: kanisa ni lake, San Giovanni ni yeye. Tai wake anachungulia huko chini, nyuma ya mavazi. Yeye na Augustino wanatazamana kama watu wawili wanaosema kwa macho, "umesikia?"

Magdalena anatutazama sisi. Watu wanne wamezama, kila mmoja kwa namna yake, na wa tano amegeuka kana kwamba sasa hivi umeingia mlangoni na yeye ndiye mwenye zamu ya kukupokea. Masimulizi ya zama za kati yalisema kwamba katika upweke wake jangwani malaika walimwinua kila siku akasikie nyimbo za mbinguni. Kwa hiyo si mgeni katika jambo hili. Hahitaji kutazama juu, alikwisha kuzisikia.

Nimesema "waliomwagiza kazi", na hapa yuko mwanamke ambaye bila yeye picha isingekuwepo. Elena Duglioli alikuwa mke wa Benedetto dall'Olio wa Bologna, maarufu mjini kwa uchaji wake. Aliolewa kwa kutakiwa na jamaa zake, na ilijulikana kwamba yeye na mumewe waliishi kama kaka na dada. Ukisikia hivyo unaona mara moja kwa nini alimpenda Sesilia: alikuwa anaishi hadithi ileile. Kardinali Francesco Alidosi, mwakilishi wa Papa mjini humo, alimpatia masalia ya Sesilia, mfupa mdogo wa kidole, na Elena akakiwekea nia kikanisa cha San Giovanni in Monte. Gharama na maagizo ya picha yalipitia kwa watu wa ukoo wa Pucci wa Firenze, marafiki wake wenye nafasi kubwa Roma. Alifariki 1520, mwaka uleule aliofariki Raffaello, akazikwa kanisani humo, na mwaka 1828 Kanisa likamtangaza mwenye heri.

Kwa hiyo mtazamaji wa kwanza wa picha hii hakuwa mwanamuziki. Alikuwa mke mtu, aliyejua maana ya kukaa katikati ya sherehe huku moyo uko kwingine. Vyombo vile vya chini, kwake yeye, vilikuwa ngoma na filimbi za arusi kabla ya kuwa vya kwaya. Matari na matoazi si vyombo vya ibada ya Kilatini ya mwaka 1515. Ni vya dansi, na karamu, na kumtoa bibi arusi. Hilo linabadilisha swali la mpiga kinanda. Kilichovunjwa chini ni kelele ya ndoa ile. Chombo pekee katika picha chenye harufu ya kanisa ni kinanda, na hicho hakijavunjika. Kinaponyoka, ndiyo, lakini bado kimo mikononi mwake.

Sitakuficha kwamba wapo wataalamu wanaosoma kwa ukali zaidi: kwamba muziki wote wa dunia, pamoja na kinanda, unakataliwa mbele ya muziki wa mbinguni. Picha inaruhusu usomaji huo. Mimi naona unagonga ukuta kwenye vile vitabu vya malaika. Wanaimba wakiwa wameinamia kurasa, wakiangaliziana, kama sauti ya pili inavyoibia kwa mwenzake pale nota zinapokuwa chache. Raffaello alipotaka kuonyesha muziki wa mbinguni hakuchora mwanga wala nyota. Alichora kwaya.

Kuna hadithi moja ya pembeni ambayo kila mtu Bologna huitaja, nami siwezi kuiacha. Vasari anasimulia kwamba picha ilipofika mjini ilipokelewa na Francesco Francia, mchoraji mkuu wa Bologna na rafiki wa Raffaello kwa barua, ambaye aliombwa arekebishe mkwaruzo wowote na asimamie uwekaji wake. Francia akafungua sanduku, akaona, akatambua kwamba maisha yake yote hakuwahi kufika hapo, akaugua kwa huzuni, akafa. Ni kweli Francia alikufa mwanzoni mwa 1517. Alikuwa mzee tayari, na Vasari, mpenzi mkubwa wa Raffaello, hakuwahi kuiacha hadithi nzuri iharibiwe na uzee wa mtu.

Safari za picha hazikuishia hapo. Mwaka 1796 majeshi ya Napoleon yaliichukua yakaipeleka Paris, na huko mafundi wakaihamisha kutoka kwenye mbao ilikochorwa hadi kwenye turubai. Ilirudi Bologna 1815, baada ya Napoleon kuanguka. Ngozi ya rangi iliyobanduliwa kwenye mbao na kubandikwa kwenye kitambaa haiwezi kubaki kama ilivyokuwa, kwa hiyo ukiona uso fulani umekauka kidogo, usimlaumu Raffaello peke yake.

Sasa fulana. Mwambieni mchapaji asikate juu. Malaika sita lazima waonekane, hata kama Sesilia atakuwa mdogo kifuani. Kama nafasi haitoshi, afadhali mpunguze pembeni mbali na Paulo: mbakize yeye, rundo la vyombo, Sesilia, na mbingu iliyofunguka. Mkiona picha nzima haikai kwenye fulana, wekeni malaika mbele na Sesilia mgongoni, na chini ya malaika andikeni sauti zenu nne. Mpiga kinanda naye mwulizeni kama angependa mfano wa peke yake, wenye kinanda kilichosimama wima. Wachoraji wa baadaye walimkalisha Sesilia kwenye kinanda kwa raha zake, wapo tele, na hakuna atakayemlaumu kwa kuchagua mmoja wao.